Divai ya Trofimo

Melitine alikuwa amezamisha mkono hadi kiwiko katika sufuria kubwa ya shaba, akipima joto. Maji ya mizizi myekundu hayatakiwi kuchemka. Yakichemka tu, wekundu hugeuka rangi ya matope, na sufu ya mteja huwa ya kushonea magunia. Watia rangi wa Thiatira hupima kwa mkono: ukiweza kuuacha humo huku unapiga soga, moto ni sawa, ukiuchomoa kwa kelele, punguza kuni.

"Toa gogo moja," alisema.

Trofimo, mdogo wake, aliinama kwenye mdomo wa tanuri, akavuta gogo na kulifukia majivuni. Moshi ukampata. Akakohoa muda mrefu, mkono mmoja ukiwa umeshika ukuta.

"Kikohozi cha nani hicho, cha mbuzi?" Melitine aliuliza bila kugeuka.

"Cha mbuzi wa dada yangu, anayefanyishwa kazi ya punda."

"Punda haombi uji wa asali kila jioni."

Trofimo alicheka, kicheko kikamrudisha kwenye kikohozi. Kisha akaanza kumpa dada yake mafungu ya sufu, moja moja. Sufu ilikuwa imelala katika maji ya shabu ili rangi ipate pa kushika. Melitine aliyazamisha mafungu taratibu, akiyageuza kwa fimbo. Hawakuwa na maji ya kuchezea. Mto ulikuwa umebaki mawe matupu, na haya ya sufuriani yalikuwa yameletwa na punda kutoka chemchemi za mlimani.

Wakiwa katika hali hiyo akaingia Mzee Menandro, mkuu wa chama cha watia rangi. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kwa msiba. Homa iliyokuwa ikizunguka mjini ilikuwa imemchukulia mjukuu.

"Trofimo, mwanangu," alisema, "hebu kakipumzishe hicho kifua uani. Nina neno na dada yako."

Trofimo akatoka. Menandro akasogeza kigoda, akaketi karibu na sufuria, akashusha sauti.

"Kesho Glikon anakaa sokoni."

Glikon alikuwa mkuu wa ulinzi wa mji. Melitine hakuuliza anakaa kufanya nini. Mji mzima ulijua.

"Baraza limemwagiza awatafute wasiotambika," Menandro aliendelea. "Mto umekauka, watoto wanakufa. Watu wanataka kujua nani kawaudhi wenye mji."

"Trofimo hajamuudhi mtu."

"Nani kataja mtu? Nataja miungu." Alijifuta jasho. "Sikiliza, binti yangu. Nimeshaongea na Glikon. Trofimo ataitwa, maana jina lake limetajwa na hawezi kuachwa. Atasimama, atakohoa, Glikon atasema huyu mgonjwa, arudishwe kwao. Hataulizwa kitu. Glikon naye hapendi kupeleka watu kwa liwali. Liwali akiona mji mmoja una wabishi wengi, huanza kuukagua mji wenyewe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mzee."

"Wewe usije. Kaa na sufuria yako. Na yeye asihubiri."

"Trofimo ahubiri? Huyo kumtoa neno ni kama kukamua jiwe."

Menandro alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyefiwa, akaondoka.

Trofimo alikuwa ameingia kwa watu wa Kristo mwaka ule mkewe alipokufa kwa uzazi. Mjane mmoja, Kresta, mfumaji kitani wa mtaa wa pili, alikuja kukaa naye kimya siku za msiba, jambo ambalo ndugu na majirani walikuwa wamechoka kulifanya. Baadaye Trofimo akaanza kwenda kwake kila siku ya jua, ile ya kwanza ya juma, alfajiri, huko walikokuwa wakikusanyika kuimba na kumega mkate. Hakurudi na makuu. Alirudi tu mtu asiyekula nyama ya karamu ya chama, kwa kuwa nyama ile ilitoka madhabahuni kwa Tirimno, mungu wa mji. Wenzake walimtania. "Trofimo, huyu ng'ombe alikukosea nini?" Naye akitafuna zeituni zake akijibu, "Hakunikosea. Ndiyo maana namwonea huruma." Watu wakicheka, yakiisha.

Lakini kulikuwa na siku moja katika mwaka isiyokuwa ya utani. Baridi ikiisha, kabla ya masufuria kuwashwa, kila mtia rangi husimama mbele ya madhabahu ya chama, humwaga divai na kutupa ubani kwa Tirimno na kwa Kaisari. Msimamizi huita jina, na chama kizima huitikia: "Amemwaga!" Mtu akiwa mgonjwa au safarini, ndugu wa jiko lake husimama badala yake na kusema, "Mkono huu umetumwa na fulani." Hapo divai huhesabiwa kuwa yake, sawasawa na kama angemwaga mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Watia rangi ni watu wa kukohoa na kuungua; chama kisichomjali mgonjwa kingekwisha zamani.

Mwaka wa kwanza Trofimo alipolala ndani siku ile akisema hawezi kwenda, Melitine hakubishana naye. Alikwenda peke yake. Jina la Trofimo lilipoitwa, alichukua kikombe cha pili, akasema, "Mkono huu umetumwa na Trofimo." Chama kikaitikia. Akarudi nyumbani akapika dengu, hakusema kitu. Mwaka uliofuata akafanya vile vile, na mwingine. Watu walidhani Trofimo ndiye anayemtuma kwa ajili ya kifua. Trofimo alidhani chama kinamvumilia. Melitine aliona hakuna aliyeumia. Alimlea huyu mtoto tangu mama yao alipofariki. Alikuwa amemfanyia mengi bila kumuuliza.

Asubuhi iliyofuata askari wawili walikuja. Walikuwa vijana wa hapo hapo mjini, wenye aibu. "Shikamoo, Mama Melitine. Tumekuja kumchukua Kaka Trofimo, ni kidogo tu." Trofimo alivaa joho lake la sufu, akambusu dada yake kipaji cha uso, akaenda nao. Melitine akarudi kwenye sufuria. Aligeuza sufu, akapima joto, akageuza tena. Kisha akagundua kwamba alikuwa ameuacha mkono humo na hausikii kama maji ni ya moto au ni baridi. Akaufunika moto kwa majivu, akajitanda shuka, akatoka.

Soko lilikuwa limejaa. Glikon alikuwa ameketi chini ya kibaraza, kando yake madhabahu ndogo ya kubebeka, sanamu ya Kaisari, na bakuli la ubani. Alikuwa mtu mnene mwenye macho ya usingizi. Mbele yake alikuwa amesimama Zosime, kijakazi wa mfanyabiashara wa nguo, mwanamke mwembamba ambaye Melitine alimzoea kisimani.

"Punje moja tu," Glikon alikuwa akisema. "Sikwambii umpende. Mimi mwenyewe sijui kama nampenda. Chukua, tupa, nenda kapike."

"Siwezi, bwana."

"Huwezi au hutaki?"

"Yote mawili, bwana. Unisamehe."

Watu wakazomea. Glikon akapiga mwayo ambao haukuwa wa usingizi, akaashiria awekwe pembeni. Trofimo akasogezwa. Hakuhitaji kujifanya. Vumbi la soko lilikuwa limeshamwingia kifuani, akakohoa mpaka akajikunja, na askari mmoja akamshika asianguke.

"Huyu ni mgonjwa," Glikon alisema kwa sauti ya kusikika mbali. "Sina kazi na wagonjwa. Arudishwe kwao. Anayefuata."

Ingeishia hapo. Menandro, aliyekuwa amesimama na wazee wa chama karibu na nguzo, alishusha pumzi, mabega yake yakaonekana yakilegea. Lakini nyuma mwokaji mikate mmoja akapaza sauti: "Kukohoa anajua! Kutambika je?" Wengine wakacheka. Kisha mwanamke aliyejifunga kitambaa cha msiba akajipenyeza mbele, akamnyooshea Trofimo kidole. "Na mwanangu alikohoa!" alilia. "Alikohoa hivyo hivyo! Mbona yeye hakurudishwa kwao?" Kicheko kikakatika. Umati ukasogea hatua, kama ng'ombe wanavyosogea bila mmoja wao kuamua.

Glikon alijifanya hakusikia. Alikuwa ameshainua mkono kumwita mtu mwingine. Melitine hakuona mkono ule. Aliona nyuso. Aliona njia ndefu kati ya kibaraza na nyumbani, na mdogo wake akiipita peke yake huku akikohoa. Basi akasukuma watu, akatokea mbele.

"Amemwaga!" alisema. "Trofimo amemwaga kila mwaka! Mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Kiulizeni chama!"

Menandro alifumba macho. Lakini wazee wengine wa chama hawakujua mpango wake na Glikon. Walichokijua ni desturi yao, na walimpenda Trofimo. Wakaitikia kwa furaha, wote kwa pamoja, kama siku ya kuwasha masufuria: "Amemwaga!" Na watia rangi waliotawanyika sokoni wakapokea: "Amemwaga! Amemwaga!" Yule mwanamke wa msiba akashusha kidole. Mwokaji mikate akainua mabega. Hata Glikon akachangamka.

"Basi, mmesikia," alisema. "Chama kimeshuhudia. Mji uridhike."

Trofimo alikuwa anamtazama dada yake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu aliyeamshwa katika chumba asichokijua. Kisha akageuka, akamtazama Zosime pale pembeni alipowekwa. Zosime naye alikuwa amekaza macho kwake, midomo imefunguka kidogo. Trofimo alikuwa ameketi naye alfajiri nyingi kwa Kresta, wakimega mkate mmoja.

"Bwana," Trofimo alisema.

"Sikukuuliza," Glikon alisema haraka.

"Bwana, sikumwaga."

"Nimesema sikukuuliza! Wewe mgonjwa. Nyamaza, uende zako."

"Dada yangu kamwaga divai yake. Alinihurumia, msimlaumu. Lakini mimi sikumtuma." Sauti yake ilikuwa ndogo, na soko lilikuwa limenyamaza kiasi kwamba ilifika kila mahali. "Nikienda nyumbani kwa divai hiyo, huyu Zosime atabaki hapa ameonekana mjinga. Si mjinga. Mimi niko pamoja naye."

Glikon aliinamisha uso, akaufunika kwa viganja. Alipouinua ulikuwa uso wa afisa. Watu zaidi ya elfu walikuwa wamesikia. Jambo likishasemwa mbele ya sanamu ya Kaisari haliwezi kumezwa tena, na Glikon naye alikuwa na watoto. Aliagiza wote wawili wawekwe ndani hadi wapelekwe Pergamo, kwa liwali.

Waliwekwa chini ya ghala la nafaka la mji. Melitine alipeleka mkate, jibini na chungu cha uji wa asali. Bawabu alimruhusu kuketi mbele ya nondo. 

"Kwa nini hukuniambia?" Trofimo aliuliza.

"Ningekuambia, ungekubali?"

"La."

"Basi."

Trofimo alikunywa uji. "Mtamu," alisema.

"Ulishindwa nini kunyamaza?" Melitine alilipuka. "Alikuomba! Afisa mzima amekuomba unyamaze! Hukuambiwa useme uongo, uliambiwa usiseme kitu. Kila siku husemi kitu, leo ndiyo umepata mdomo?"

"Dada..."

"Mnamwombea Kaisari, uliniambia mwenyewe, mnamwombea afya njema. Unaweza kumwombea, huwezi kumtupia punje ya ubani? Punje, Trofimo! Ukubwa wake kama wa kiroboto!"

"Ingekuwa ndogo hivyo," alisema polepole, "wasingeua mtu kwa ajili yake. Wao wanajua si ndogo. Na mimi najua. Tumepatana kwenye hilo." Alikohoa, akafuta mdomo. "Simchukii mtu, Dada. Wala Tirimno simtukani, nimekulia kwenye kivuli chake. Ila nimeshamwita mmoja Bwana. Sina neno hilo la pili."

"Na mimi? Mimi una neno gani kwangu?"

 Trofimo alipitisha mkono kati ya nondo, akashika mkono wa dada yake, mkono wenye wekundu usiotoka hata kwa jivu na mafuta. Waliketi hivyo mpaka bawabu akakohoa kistaarabu.

Njiani kurudi, Melitine alikutana na Menandro. Alikuwa akimngoja kando ya ukuta.

"Nilikwambia usije," mzee alisema. Hakusema kwa ukali.

"Ulinambia, Mzee."

"Alikuwa ameshaachiliwa. Ulikuwa hujasikia? Glikon alikuwa ameshasema, arudishwe kwao."

"Nilisikia. Sikuamini kama yangetosha."

Menandro alitikisa kichwa, akaanza kulia bila sauti, mzee wa watu, pale njiani. Melitine alimshika kiwiko akamsindikiza kwake, kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na mtu aliyefiwa haachwi kutembea peke yake. Mlangoni mzee alisema tu, "Ningekuwa mimi, pengine nami ningepiga kelele."

Wakapelekwa Pergamo, Trofimo akiwa juu ya punda kwa sababu ya kifua, Zosime akitembea kwa miguu. Habari zililetwa na mwenye punda. Liwali aliwauliza mara tatu, kama ilivyo desturi yake, na mara ya tatu akawapa muda wa kufikiri. Zosime alijibu kwa wote wawili, maana Trofimo alikuwa amekaukiwa na sauti. Walikatwa vichwa nje ya lango. "Hawakuteswa sana," mwenye punda alisema, akidhani anamfariji.

Mvua zilikuja mwezi uliofuata. Mto ukajaa, homa ikapungua. Sokoni watu walisema miungu wameridhika. Kwa Kresta walisema mengine. Melitine aliwasikia hawa na wale, akaona kwamba mvua ya Thiatira huja vuli kila mwaka, na mwaka huo ilikuwa imechelewa. Zaidi ya hapo hakujua. Wanachama walimpa pole na kumletea kuni. Hakuna aliyemlaumu, na jambo hilo lilimwelemea kuliko lawama.

Vuli ni wakati wa kuchimba mizizi. Kitalu cha Melitine kilikuwa nyuma ya nyumba, mizizi imeshakomaa, na ardhi ilikuwa laini kwa mvua. Ni kazi ya watu wawili: mmoja anachimba na mwingine anavuta, la sivyo mzizi hukatika na sehemu nono hubaki chini. Alikuwa akichimba peke yake, mingi ikikatika, aliposikia mlango wa uani.

Alikuwa Kresta. Hakuwahi kuingia nyumba hiyo tangu Trofimo achukuliwe. Alisimama ukingoni mwa kitalu, mwanamke mfupi mwenye mgongo uliopinda kwa kufuma.

"Hodi."

"Umeshaingia."

"Unaikata," Kresta alisema, akitazama mizizi.

"Naona."

Kresta akakunja nguo, akapiga magoti matopeni, akashika shina. Melitine alisita, kisha akapiga jembe. Mzizi ukatoka mzima. Walifanya hivyo mstari mmoja mzima.

"Huko kwenu mnanisemaje?" Melitine aliuliza.

Kresta alikung'uta udongo. "Wengine wanasema ulimtega. Wengine wanasema bila wewe asingepata taji lake."

"Taji." Melitine aliegemea jembe. "Kichwa chake kilikuwa kinapata baridi upesi. Alihitaji kofia."

"Najua. Kwangu alikuwa akiketi karibu na moto."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

"Mimi nina mtoto wa kiume," Kresta alisema. "Anakuja kuimba nasi. Kila akitoka mlangoni namwogopea. Siku ile ningekuwa mimi mbele ya Glikon, sijui ningepiga kelele gani." Alivuta mzizi mwingine. "Tunataja jina lake tunapomega mkate. Nilitaka ulijue hilo. Sikuja kukuomba kitu."

Melitine alitaka kusema kwamba kutajwa jina hakumrudishi mtu. Alitaka kusema pia kwamba yeye halitaji, hata peke yake, kwa kuwa kila akilifikia hulisikia likiitikiwa na soko zima.  Badala yake alipiga jembe, Kresta akavuta. Machozi yakamtoka, akaendelea kuchimba, na Kresta hakumtazama.

Mwanga ulipoanza kufifia, walikuwa hawajafika hata nusu ya kitalu. Anga lilikuwa safi, dalili ya baridi kali usiku. Walitandaza majani makavu juu ya sehemu isiyochimbwa ili ardhi isigande, wakaingiza vikapu ndani. Kresta alinawa mikono. Rangi ilikuwa imeshamshika kwenye kucha.

"Kesho tuanzie ule upande wa ukuta," alisema. "Huko ndiko kuna unyevu."

Melitine alikuwa anafunga kamba ya kikapu. 

"Njoo na jembe lako," alisema. "Hili langu mpini wake umelegea."